Mji Ghali, Watu Tele: Mbona Hatuhami?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kuna mada moja ambayo haikosi katika mijadala ya chama chetu: "Maisha ya mashambani ni bora kuliko ya mjini." Kila mwaka huletwa, na aghalabu upande wa mashambani hushinda. Wasemaji wake wana maneno matamu. Hutaja hewa safi, maembe ya kuokota chini ya mti na nyumba isiyolipiwa kodi. Kisha humgeukia mpinzani na kumwuliza, "Ikiwa mji ni ghali hivi, wafanyani hapa?" Watu hupiga makofi, naye mpinzani huketi.

Nimeomba nafasi katika jarida hili nilijibu swali hilo, maana ni swali zuri na halistahili kumalizwa kwa makofi. Sisi tunaopiga makofi ndio sisi tunaotoka darasani na kurudi nyumbani Junda, Mishomoroni, Mlaleo na Bakarani. Sijamwona hata mmoja aliyefunga virago siku ya pili yake.

Maoni yangu ni haya. Anayeishi katika mji ghali si mjinga wa hesabu. Amepiga hesabu zake, akaona kwamba ughali wa mji na riziki ya mji vyatoka pahali pamoja, yaani kwenye wingi wa watu. Ukikimbia kimoja umekimbia na cha pili. Hata hivyo, si kila shilingi ambayo mji watutoza ni ya haki, na hapo ndipo kelele zetu zingefaa kuelekezwa.

Tuanze na idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilikuta watu 939,370 katika Mombasa. Ile ya 2019 ilikuta 1,208,333. Katika miaka 10 waliongezeka zaidi ya laki mbili na nusu, ingawa hakuna aliyewahi kusema kuwa Mombasa ni rahisi. La kushangaza zaidi ni pale wanapolala. Kisiwani, yaani Mvita, walihesabiwa 154,171 tu. Kisauni yetu peke yake ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Ukigawanya utaona kwamba katika kila watu 100 wa Mombasa, wanaoishi kisiwani hawafiki 13. Waliobaki tuko huku nje, Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe na Jomvu, na wengi wetu asubuhi twavuka: kwa daraja la Nyali, kwa Makupa au kwa feri.

Je, hiyo si hesabu? Kisiwani nafasi ni haba na kodi ni ya juu. Shambani kodi hakuna, lakini kazi iko mbali. Junda iko kati na kati. Vyumba vyake vyaweza kulipwa na mtu wa kibarua, na daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la kuelea la 1931, humfikisha mjini. Mtu wa Junda amejikatia kipande cha mji kadiri ya mfuko wake. Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa hicho cha mvunguni ni nini?

Baadhi ya wenzetu hudhani ni starehe: taa, muziki na pwani ya wazungu. La hasha! Ukitaka kujua mji wetu huuza nini, tazama historia yake. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji wa kisiwa hawakuwa na kilimo cha nafaka, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka bara la pwani. Kumbe tangu hapo Mombasa haikujilisha yenyewe! Iliishi kwa kuwa mahali pa kukutania. Jahazi lilikuja na bidhaa zake, mtu wa bara akaja na zake, na aliyesimama katikati akapata chakula chake.

Mpaka leo mambo ni yale yale. Bandari ya Kilindini hupokea mizigo ya Kenya, na pia ya Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo. Chai hailimwi Pwani hata kichaka kimoja, lakini mnada mkubwa wa chai ya Afrika Mashariki uko Mombasa, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi, muuzaji na meli hukutana. Nyuma ya meli moja kuna kuli, karani, dereva, fundi wa magurudumu, mlinzi wa ghala na yule anayewapikia wote hao chakula cha mchana. Mwaka 2019, makontena yalipoamriwa yapelekwe Nairobi kwa reli ya SGR, vilio havikutoka kwa wenye malori peke yao. Wenye vibanda vya chakula na mafundi wa gereji walilia pia, na watu wakaandamana mitaani. Septemba 2022 serikali mpya iliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Kwa hivyo mji ni kama mnyororo: ukikata pete moja, ya kumi nayo huanguka.

Hebu nitoe mfano wa karibu zaidi, wa nyumbani kwetu. Asili yetu ni Kaloleni, na huko tuna shamba dogo lenye minazi. Baba hupata kibarua cha kubeba magunia katika magodauni ya Shimanzi. Siku akiitwa hupata shilingi 700, na siku asipoitwa hurudi vile vile. Mama hupika mahamri na mbaazi na kuuza barabarani alfajiri. Vyumba viwili tunavyokaa hapa Junda twavilipia shilingi 5,000 kwa mwezi. Kila kodi inapokaribia, huzuka maneno: kwa nini mama na sisi watoto tusirudi Kaloleni, baba abaki peke yake katika chumba kimoja?

Mama hujibu kwa hesabu. Hapa Junda huuza mahamri 150 kabla ya saa mbili asubuhi, kila moja shilingi 10. Ukitoa unga, sukari, mafuta, nazi na makaa, hubaki na kama shilingi 400. Je, Kaloleni angeuza mangapi? Kule kila mtu ana jiko lake na asubuhi yake. Nani atanunua hamri kwa jirani ilhali mkewe anayapika? Hapa hununuliwa na wapita njia wanaoharakisha kuwahi matatu, wasio na nafasi hata ya kuchemsha maji. Zile haraka na msongamano tunaoulaani ndio soko la mama. Kodi yetu iko juu kwa sababu watu ni wengi, na mahamri yatoka kwa sababu watu ni wengi. Akihamia mahali ambapo kodi ni bure, na wateja nao wataisha.

Mwenzangu anaweza kusema, "Huyo ni mamako tu." Basi na tuwatazame waliokuwa hapa kabla ya mama zetu. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma: wa bandari, wa reli, hata wa mahotelini na wa majumbani. Malalamiko yao yalikuwa mishahara midogo, kodi za nyumba na bei za vitu. Hapo ndipo lilipovuma jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi hao. Angalieni walichodai. Hawakudai gari la moshi la kuwarudisha makwao. Walidai malipo yalingane na bei za mji. Walikuwa wamekwisha kuamua kukaa, na walichotaka ni kukaa kama watu.

Fauka ya riziki, kuna mambo mengine ambayo hayana bei dukani. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Coast General, iko kisiwani, na wagonjwa huletwa kutoka kaunti nyingine. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo ya maji tu. Shule yetu ni ya kutwa. Naamka, natembea, nafika, na jioni nalala kwetu. Mzazi asiyeweza kulipa bweni aweza kumsomesha mtoto akiwa karibu na shule ya kutwa, na karibu huko ndiko anakokulipia anapolipa kodi ya nyumba. Watu wakisema "kodi ya vyumba viwili" husahau kwamba ndani yake mna masomo ya watoto.

Nina ushahidi wa jambo hili, nao ni mchungu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliketi dawati moja na msichana mmoja aliyekuwa akinishinda katika hisabati kila mtihani. Kodi ya kwao ilipandishwa, na wazazi wakaona afadhali yeye na wadogo zake wapelekwe kwa nyanya yao mashambani. Tuliambiwa kwamba angeendelea na masomo huko. Shule ya sekondari iliyokuwa karibu ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu kwa miguu, na karo ya muhula wa kwanza haikupatikana. Akakaa nyumbani muhula mmoja, kisha wa pili. Mwaka jana nilikutana naye sokoni Kongowea amebeba kikapu. Amerudi Mombasa, ila si darasani. Anafanya kazi katika nyumba ya watu huko Nyali. Tulizungumza kidogo tu, kwa sababu alikuwa akingojewa.

Simsemi kwa kumdharau, kwani kazi ni kazi. Namtaja kwa sababu yeye hakuukimbia mji. Alitolewa, na baadaye akarudi, lakini alirudi akiwa na kidogo kuliko alichoondoka nacho. Huo ndio uchungu wa hii rudini mashambani. Watu hurudi kweli, lakini njaa ikiwazidi huja tena mjini, na safari hii huingia kwa mlango wa nyuma.

Hata serikali zenye nguvu zimejaribu zikashindwa. Mwaka 1983 jirani zetu wa Tanzania walianzisha kampeni ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi katika Dar es Salaam walikamatwa na kusafirishwa mashambani wakalime. Nia ilikuwa njema pengine, lakini wengi wao walirudi mjini. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Watu hawakuzuilika, kwa kuwa mji ulikuwa na kitu walichokihitaji na gari la serikali halikuwapa kitu hicho huko walikoshushwa.

Sasa nisije nikaonekana naupamba mji. Mashamba yana heshima yake, na mimi nikienda Kaloleni likizoni huwa sitaki kurudi. Nyanya hutuangulia madafu, na usiku ni kimya. Hapa Kisauni kuna vijana waliowahi kuwatia watu hofu kwa mapanga, na kuna dawa za kulevya zilizowamaliza kaka zetu. Anayesema kwamba mji hula watoto hasemi uongo. Lakini mtu akiniambia mji una hatari, nitamjibu tuondoe hatari. Kuondoa watu si dawa.

Hapa ndipo nataka tupambanue. Bei za mji ni za namna mbili. Iko bei inayokununulia kitu: waishi karibu na kazi, shule na wateja, nawe walipa. Hiyo ni biashara ya halali hata kama yauma. Halafu iko bei isiyokununulia chochote, unayolipa kwa sababu kuna jambo halikufanywa. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni maji. Mombasa hunywa maji ya mbali: ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, ya Baricho kule Kilifi, na ya Marere na Tiwi kule Kwale. Mji ukikua nayo maji hayaongezeki, kilio huanzia mitaani kwetu. Mifereji hukaa siku nyingi bila tone, nasi twanunua kwa madumu ya mkokoteni. Mara nyingine dumu moja la lita 20 hufika shilingi 20, yaani shilingi moja kwa lita. Mwenye mfereji unaotoka hupata lita nyingi kwa shilingi hiyo hiyo. Kwa hivyo maskini wa mji hulipia maji ghali kuliko tajiri wa mji. Hiyo si bei ya mji, hiyo ni faini ya kukaa mahali ambapo bomba halijafika vizuri.

Ya pili ni njia. Mvua ikinyesha nauli ya kwenda mjini hupanda palepale, na anayechelewa kazini hukatwa pesa. Lakini kuna waliolipa zaidi ya nauli. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakivuka kwenda kazini kisiwani, wakifanya kile ambacho kila mtu wa Likoni hufanya kila siku. Bado kuna nyumba huko ambazo mwezi wa Aprili ukifika hunyamaza. Kuvuka kwenda kutafuta riziki hakukupasa kuwa na bei ile. Wenzetu wa Kigamboni, Dar es Salaam, walipata daraja mwaka 2016. Watu wa Likoni wangali wakisukumana kwenye feri.

Ya tatu ni ardhi. Wengi wenu mwajua kwamba hapa Kisauni kuna nyumba zisizo na ardhi. Mtu ajenga nyumba kwa jasho lake, lakini kiwanja ni cha mwingine na hukilipia kodi. Asili yake ni ya kale. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao yaandikwe, na Wamijikenda wengi wakabaki bila hati. Matokeo yake mtu huogopa kuezeka vizuri au kuchimba choo cha kudumu, kwa sababu hajui kesho ataambiwa nini. Nyumba hubaki mbovu na kodi yapanda vile vile. Wapangaji kama sisi tunalipia hofu ya mwenye nyumba.

Hizi tatu ndizo zinazofaa kupigiwa kelele. Tukichanganya bei zote pamoja na kusema "mji ni ghali, rudini kwenu," tunawapa nafuu wale ambao kazi yao ni kuleta maji, njia na hati. Watakaa raha mustarehe wakisubiri tuhame, nasi hatuhami. Afadhali kila mwananchi wa Junda amwulize mwakilishi wake wa wadi swali moja tu: je, bei hii ninayolipa yaninunulia nini?

Nasi wanafunzi tunalo la kufanya. Miongoni mwetu kuna tabia ya kuwacheka wageni, ati "wakuja." Mtoto akifika kutoka Ganze au Kitui na lafudhi yake, twamwita majina mpaka anyamaze darasani. Lakini nani Mombasa si mkuja? Wengine babu zao walikuja na jahazi, wengine na reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896, wengine kwa miguu kutoka Kaya, wengine kwa basi juzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama nilivyoeleza, kila anayeingia ni mteja wa mama wa mtu. Ukimfukuza mgeni, mahamri ya nani yatabaki sinia?

Namalizia kwa ombi kwa walimu wetu na viongozi wa chama. Mwakani tuibadilishe ile mada. Badala ya kubishana ni wapi bora, tujadiliane hivi: "Ni gharama zipi za mji zafaa kuondolewa kwanza, na nani aziondoe?" Mshindi hatapatikana kwa maembe na hewa safi. Itabidi kila msemaji aende akaulize nyumbani kwao kodi ni ngapi, dumu ni ngapi, nauli ni ngapi, na kila moja yanunua nini. Wengi wetu tungeshtuka kujua jinsi wazazi wetu walivyo mahodari wa hesabu.